Fosforasi ya Mzee Mogire

Machogu alimpeleka baba yake kupimwa ubongo kama watu wanavyopeleka udongo maabara kabla ya msimu wa kupanda. Alitaka kujua kilichopungua ni nini, na kama shamba lenyewe limekwisha, basi atokee mtu mwenye cheo aseme hivyo hadharani.

Hakuwa mjinga. Alikuwa na duka la pembejeo pale Nyakoe, akiuza mbolea na dawa za kunyunyizia, na neno fosforasi alilijua kuliko mtu mwingine yeyote aliyesikiliza redio asubuhi ile. Tangazo lilisema kituo kimoja cha utafiti mjini Kisii kinatafuta wazee wenye afya njema ili kipime fosforasi iliyomo katika ubongo wao kwa kutumia sumaku kubwa. Mtangazaji, ambaye alipewa maelezo ya kurasa mbili akasoma mistari miwili, aliongeza kwa hiari yake kwamba mashine hiyo inaonyesha akili ya mtu imebaki kiasi gani. Wasikilizaji wengi walibadilisha stesheni. Machogu alifunga duka.

Alikuwa na sababu. Baba yake, Mzee Mogire wa Manga, alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba ataligawa shamba lake la chai akiwa hai, asije akawaachia watoto kesi. Wote walimpongeza kwa hekima yake. Kisha akasema kipande kilicho kando ya barabara, chenye chai iliyotunzwa kuliko yote, ni cha Orpah. Pongezi zikakoma hapo hapo.

Orpah alikuwa binti yake. Alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na tangu hapo ndiye aliyeichuma chai ile, akaipalilia, akaibeba hadi kituo cha kununulia majani, huku kaka yake akiwa Nyakoe anawashauri wakulima wengine. Katiba ilimruhusu kurithi. Ukoo haukuwa umeisoma katiba, lakini ulikuwa umesikia habari zake na haukufurahishwa nazo.

Hakuna aliyetaka kusimama na kusema kwamba binti hapewi ardhi. Maneno hayo yangeweza kumfikisha mtu mahakamani, na huko angeshindwa. Ilikuwa salama zaidi kusema kwamba mzee ni mgonjwa wa ubongo. Walipoulizwa dalili za ugonjwa, walijibu kwamba amempa binti ardhi. Walipoulizwa kwa nini amempa binti ardhi, walijibu kwamba ni mgonjwa. Hoja yao ilikuwa kama boma lisilo na lango, na wote walikuwa wameketi ndani yake wameridhika.

Naibu wa chifu, Bwana Obwocha, ndiye aliyetakiwa kuwasikiliza kabla ya jambo hilo kupelekwa mbele ya bodi ya ardhi. Bwana Obwocha alikuwa amedumu katika kazi yake kwa kutoamua chochote ambacho mtu mwingine angeweza kukiamua. Alisema anahitaji neno la kitaalamu kuhusu kichwa cha mzee. Neno likiwa zuri, mpaka wa Orpah utavutwa kamba siku hiyo hiyo. Likiwa baya, hakuna kamba.

Kwa hiyo Orpah alibaki akichuma chai ambayo huenda ikawa yake au ya kaka yake, kulingana na kitakachoonekana ndani ya kichwa cha mzee.

*

Daktari Nasteho Abdiaziz, aliyeongoza utafiti huo, alizaliwa mjini Kisii, katika chumba cha nyuma cha duka la nguo la babake, akasoma fizikia mpaka ikamalizika. Alikuwa daktari wa fizikia, si wa wagonjwa, jambo alilolieleza kila siku na ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Watu walimwonyesha vidonda.

Machogu alimsalimia kwa heshima zote.

"Daktari, huyu ndiye mzee wetu. Tunataka P yake."

"P?"

"Fosforasi. Mnapima na N na K kama za mbolea, ama ni P peke yake?"

"P peke yake."

"Hakuna shida. P ndiyo ya mizizi."

Mzee Mogire alikuwa amesimama nyuma yake, mfupi, amevaa koti la suti na viatu vya mpira vilivyooshwa vikang'aa. Aliitazama mashine kupitia kioo kama anavyotazamwa ng'ombe wa mnada.

"Mwanangu anadhani mimi ni shamba," alisema.

"Mzee, umekubali mwenyewe kupimwa? Hakuna anayekulazimisha?" Nasteho aliuliza.

"Nimekubali. Kuna kelele nyingi siku hizi. Nataka kujua kama ziko ndani ya kichwa changu au ziko ndani ya watoto."

Nasteho alimweleza, polepole, kitakachofanyika. Mashine za kawaida za sumaku husikiliza haidrojeni, kwa kuwa ubongo umejaa maji na maji yamejaa haidrojeni. Ni kama kusikiliza soko zima likipiga kelele. Fosforasi ni chache na sauti yake ni hafifu. Inahitaji koili yake, ile antena inayowekwa juu ya kichwa, masafa yake, na mtu wa kulala bila kutikisika wakati mashine inauliza swali lile lile mara nyingi na kujumlisha majibu. Kinachotokea si picha, ni mstari wenye vilele. Kilele kimoja ni cha fosfokreatini, akiba ambayo seli huigusa kwanza. Vitatu ni vya ATP, ambayo ndiyo nishati yenyewe inayotumika. Kipo pia cha fosfati iliyobaki baada ya kazi. Kwa kuvilinganisha, mtu anajua ubongo unavyojiwekea nishati.

"Hatujui ubongo unaitumia nishati hiyo kuwaza nini," alimalizia, akimgeukia Machogu. "Hilo nataka ulielewe."

"Nimeelewa kabisa," Machogu alisema. Alisikiliza kama wateja wake wanavyomsikiliza anapowaambia wavae glavu kabla ya kunyunyizia dawa.

Fred, fundi wa mashine, alimwuliza mzee maswali ya usalama. Alikuwa kijana wa Nyamache aliyeongea Ekegusii na wazee na Sheng na mashine. Una chuma mwilini? Hapana. Una kifaa moyoni? Hapana. Umewahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa hospitalini?

"Hospitalini, hapana," alijibu Mzee Mogire, na alikuwa amesema ukweli mtupu.

Walimlaza, wakamfunika masikio, wakamsukuma ndani. Ili kujua koili imekaa wapi, mashine hupiga kwanza picha ya kawaida ya kichwa. Picha ilipotokea, Fred aliacha kutafuna chingamu yake.

"Daktari. Huyu mzee ako na dirisha."

Katika picha hizo mfupa wa fuvu huonekana kama pete nyeusi. Pete ya Mzee Mogire ilikuwa imekatika upande wa kulia, juu ya paji, pengo la upana wa mfuniko wa chupa ya soda. Chini ya pengo ubongo ulikuwa umetulia, hauna habari.

"Ni ajali?" Nasteho aliuliza.

"Ajali gani. Hiyo ni kazi ya omobari. Nyanyangu alinionyesha mmoja nikiwa mdogo, nikakosa usingizi."

Nasteho alielewa. Omobari alikuwa mtu aliyepasua vichwa. Mtu akigongwa na maumivu yakakataa kuondoka, Abagusii walimwita omobari aje nyumbani na visu vyake vidogo, akaifungua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa kidogokidogo bila dawa ya usingizi, akafunga. Wagonjwa wengi waliishi. Nasteho alikuwa amesoma habari zao katika majarida ya ng'ambo, ambako walisifiwa sana na wataalamu ambao wasingekubali hata kunyolewa nao.

"Mwanawe anajua?"

Fred alicheka. "Atajuaje? Hiyo ni chinsoni, daktari. Mtoto mkubwa hamwulizi babake habari za mwili wake. Ni aibu."

Machogu alikuwa upande wa pili wa kioo, akisubiri kwa hamu kuambiwa kwamba babake amerukwa na akili. Hiyo haikuwa aibu.

Walipima. Mzee alilala bila kutikisika, utulivu ambao wanafunzi wa udaktari waliojitolea mwezi uliopita hawakuuweza. Mstari ulipotokea kwenye skrini, Nasteho aliinama karibu, akaanza kuvihesabu vilele kwa kidole, jambo ambalo kwake ndilo lilikuwa shangwe.

Fosforasi iliyofungwa ndani ya mfupa haina kilele. Hutoa mnong'ono mpana, kama kichuguu, na vilele vya ubongo husimama juu ya kichuguu hicho vikiwa nusu vimezikwa. Kila kichwa alichopima kilikuwa nacho, na kila mara ilimbidi akiondoe kwa hesabu ambazo wakaguzi wa makala zake walizibishia. Koili ya Mzee Mogire ilikuwa imekaa juu ya pengo. Hapakuwa na mfupa. Kichuguu kilikuwa kimelala karibu chote, na vilele vilisimama vyembamba, wazi, kila kimoja mahali pake.

"Ni safi," alisema hatimaye. "Ni safi kuliko zote tulizowahi kupata."

"Si ndiyo nasema. Tumepata star."

"Tunamwondoa kwenye utafiti."

Fred alimtazama. "Kwa sababu?"

"Tulisema wazee wa kawaida, wasiowahi kufunguliwa fuvu. Yeye amefunguliwa."

"Na tukinyamaza?"

"Hatunyamazi."

"Kwa hivyo mzee wetu bora kuliko wote, tunamfukuza."

"Hatumfukuzi. Hatumhesabu."

"Mwambie wewe hiyo tofauti," Fred alisema. "Mimi naogopa laana."

*

Mzee alipewa chai na mkate, akaketi kwenye kiti cha ofisini akizungukazunguka kidogo, kwa sababu kiti kiliruhusu. Aliomba Machogu aingie naye asikie. Nasteho aliwaambia kwamba nishati katika sehemu waliyoipima inafanana na ya wazee wenzake.

"Imepungua ngapi?" aliuliza Machogu.

"Haijapungua."

"Kwa udongo huwa mnasema chini, wastani, ama juu."

"Huu si udongo. Lakini ukitaka neno, wastani."

Machogu alikunja uso. Wastani ni jibu baya katika biashara yake. Halimfanyi mtu anunue kitu. "Na mapendekezo?"

"Hakuna mapendekezo."

"Hata chokaa ya kupunguza asidi?"

"Asidi yake iko sawa," Nasteho alijibu, maana mahali pa kilele cha fosfati huonyesha asidi ya ubongo na yeye alikuwa ameipima. Alijuta papo hapo. Kwa mara ya kwanza Machogu alimtazama kama mtaalamu wa kweli.

Hapo ndipo macho ya Machogu yalipofika kwenye skrini iliyobaki na picha ya fuvu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni tundu," alisema Mzee Mogire, akiendelea kuzunguka.

"Tundu ya wapi?"

"Ya kichwa. Ungekuwa na moja ungesikia vizuri."

Machogu hakuuliza tundu lilitoka wapi. Chinsoni ilimkataza, na furaha pia. Alikuja kutafuta upungufu wa kitu asichoweza kukiona, akapata shimo. Shimo linaeleweka na kila mtu, hata na naibu wa chifu. Aliomba apewe picha ile.

"Picha ni ya mzee," Nasteho alisema. "Na tundu hilo halihusiani na anachowaza."

"Mpe," alisema Mzee Mogire. "Hajawahi kubeba picha yangu." Kisha akamwambia Nasteho, "Nawe binti utakuja Manga, useme ulichokiona."

"Nitasema nilichokipima tu. Si zaidi."

"Ndicho hicho hicho."

Hakikuwa hicho hicho, na Nasteho alijua. Lakini mzee alikuwa na haki ya matokeo yake kusemwa popote alipotaka, na haki ilikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo Nasteho hakuyafanyia hesabu.

*

Walikutana nyumbani kwa Mzee Mogire, chini ya turubai, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameegemea mgongo wa kilima cha Manga tangu asubuhi. Wazee walipewa viti vya plastiki, akina mama benchi za kanisa la Sabato. Orpah alisimama nyuma, kapu la chai bado mgongoni. Asingeacha majani yazeeke juu ya kichaka kwa ajili ya mkutano, hata mkutano wa kumnyang'anya majani yenyewe.

Machogu alikuwa ameikuza picha hadi ukubwa wa kalenda na kuitia plastiki. Aliinyanyua juu.

"Wazee wangu, mimi siongei kwa chuki. Mimi naongea sayansi. Hiki ni kichwa cha tata, baba yangu. Hii nyeusi ni mfupa. Na hapa," aliweka kidole, "mfupa hakuna. Ubongo unakaa na fosforasi. Mimi nauza fosforasi, naijua. Ukiacha gunia wazi, nguvu inaisha. Sasa hii gunia imekaa wazi miaka mingapi?"

Palipita mnong'ono wa watu walioelewa. Wengi wao walikuwa wamewahi kuacha gunia wazi.

Mong'ina, jirani mzee aliyekuwa akichambua maharagwe mapajani, alinyanyua kichwa. "Na hiyo mbolea ikitoka kichwani, ilimwagika wapi?"

"Mama, hiyo si mambo ya kucheka."

"Sicheki. Nauliza. Kama ilimwagikia shambani kwa Orpah, ndiyo nimejua kwa nini chai yake inashinda yangu."

Akina mama waliangua kicheko. Bwana Obwocha aligonga meza kwa kalamu na kumwita mtaalamu.

Nasteho alisimama akasema kile alichokuwa amekuja kukisema, kwa Kiswahili kilichonyooka: walipima fosforasi katika sehemu moja ya ubongo wa Mzee Mogire, akiba ya nishati na nishati yenyewe zinalingana na za wazee wa umri wake, fosforasi haitoki kwa tundu la mfupa, kwa sababu imo ndani ya seli, si kwenye gunia.

"Kwa hivyo ubongo ni mzuri," alisema Bwana Obwocha.

"Nishati yake ni ya kawaida katika sehemu tuliyopima."

"Kwa hivyo ana akili timamu."

Orpah alilitua kapu chini. Neno moja lilitakiwa, na lilikuwa neno fupi.

"Sikusema hivyo," Nasteho alisema. "Mashine haipimi akili timamu. Hiyo hupimwa kwa kuzungumza na mtu, na anayeipima ni daktari wa akili, si mimi."

Orpah alimwangalia kama mtu aliyekopeshwa ngazi isiyo na vidato.

"Dada," alisema, "si useme ndiyo tu?"

"Siwezi."

"Umemwona. Umeongea naye. Ulimwona amepotea?"

"Nilimwona ana akili kuliko wengi waliopita pale. Lakini hayo ni maoni yangu, hayakutoka kwenye mashine. Nimeitwa kwa ajili ya mashine."

"Sasa umekuja mpaka huku kutuambia hujui?"

"Nimekuja kuwaambia ninachojua na kinapoishia."

"Kinaishia kwa shamba langu," alisema Orpah.

Nasteho alikuwa amesema kweli tupu, na angeweza kuona kwa macho yake kweli hiyo ilikuwa inamgharimu nani. Haikumfanya abadilishe neno. Ilimfanya tu asikae chini.

Bwana Obwocha alionekana kama mtu aliyetolewa kibanzi kidoleni. "Basi mmesikia. Mtaalamu mwenyewe anasema mashine haijui. Na tundu lipo, tumeliona. Mimi nitaahirisha jambo hili mpaka tupate maoni kutoka Nairobi." Kila mtu alijua maana yake. Mambo yaliyosubiri maoni kutoka Nairobi yalikuwa yakizikwa pamoja na wenyewe.

Machogu angenyamaza hapo, angekuwa ameshinda. Lakini mtu anayeuza kwa jumla hapendi kuacha mteja na nusu gunia.

"Na iwekwe wazi kabisa," alisema, "isije ikarudi kesho. Mtu mwenye tundu kichwani hawezi kugawa ardhi. Chochote alichogawa hakisimami. Hiyo iwe sheria ya hapa kwetu."

"Tangu lini?" Nasteho aliuliza.

"Nini tangu lini?"

"Hilo tundu unalosema linabatilisha mgawo. Linabatilisha kuanzia lini?" Hakuwa na hila. Sentensi isiyo na tarehe ilimsumbua kama mawe ndani ya kiatu. "Kingo za mfupa zimekwisha kuwa laini. Ni la zamani sana. Mzee, lilipasuliwa lini?"

Mzee Mogire alijikohoza. Alikuwa amesubiri mtu amwulize tangu mkutano ulipoanza, na hakuna mtoto wake aliyeweza.

"Boriti iliniangukia tukijenga nyumba ya marehemu baba. Maumivu yakakaa mwaka mzima. Omobari akaja, akanifungua pale zizini. Sikuwa nimeoa bado."

"Hukuwa umeoa," alirudia Mong'ina, na maharagwe yakasimama.

Watu walianza kuhesabu kimoyomoyo. Mzee Mogire aliwaacha wahesabu, kisha akamgeukia mwanawe kwa upole mwingi.

"Machogu, kile kiwanja cha Nyakoe ulichojengea duka, ulipewa na nani?"

"Tata, hiyo ni tofauti."

"Ulipewa na nani?"

"Na wewe."

"Nikiwa na tundu ama bila tundu?"

Machogu aliitazama picha aliyoibeba kana kwamba ingemsaidia. Orpah alifunika mdomo kwa kanga.

Lingeishia hapo, pengine, kwa fedheha ya mtu mmoja. Lakini katika safu ya mbele Mzee Onyancha alikuwa amekwisha kuvua kofia. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote waliokuwepo, na zamani ndiye aliyewaongoza wazee wa mipaka, wale waliotembea mgongo mzima wa Manga wakiamua shamba la nani linaishia wapi. Aliinamisha kichwa chake chenye upara kuelekea kwa umati. Juu ya sikio ngozi ilikuwa imebonyea, na ndani ya bonyeo ilipanda na kushuka taratibu.

"Omobari alikuwa yule yule," alisema. "Mimi mpaka wa huu upande wote niliweka baada ya hiyo."

Mzee Onyancha akanyoosha vidole vitatu.

"Na si mimi peke yangu. Tulikuwa watatu kwenye kamati tuliopasuliwa. Na babako, Obwocha, alikuwa na mawili."

Bwana Obwocha aliacha kuandika. Shamba lake la ndizi, lile zuri la bondeni, alikuwa amelirithi kutoka kwa mtu mwenye matundu mawili, na jirani wa bondeni alikuwa ameketi mita chache kutoka hapo, akisikiliza kwa umakini usio wa kawaida yake.

"Kumbe!" alisema jirani huyo, akiinuka. "Basi mimi nataka mpaka wangu na Obwocha upimwe upya."

"Na wangu na Onyancha," alisema mwingine.

"Wewe nyamaza, wewe uliongezewa!"

"Niliongezewa na nani? Na mtu wa tundu?"

Turubai zima lilisimama. Kila mtu alikuwa amemgeukia jirani yake, na kila mmoja alikuwa akiuona ua uliomtenga naye kwa mara ya kwanza kama kazi ya mgonjwa. Wanawake walitaja mito. Mtu alitaja kaburi. Kwa dakika chache mgongo wa Manga haukuwa na mpaka hata mmoja.

Bwana Obwocha aligonga meza mpaka kalamu ikavunjika.

"Kaeni chini! Kaeni! Nani amesema tundu lina shida?"

Walitazamana. Ilionekana hakuna aliyesema.

"Mimi sijasema. Machogu, wewe ndiye uliyesema?"

Machogu alikuwa akifikiria duka lake lilivyokaa vizuri pale njia panda. "Mimi nilileta picha tu," alisema.

"Basi. Tundu halina shida. Halijawahi kuwa na shida. Kisayansi, mtu mwenye tundu ni mzima kabisa, tena wengine wako na fosforasi safi kuliko sisi. Si ndivyo, daktari?"

"Mashine haipimi..." alianza Nasteho.

"Asante sana, daktari. Keti."

Safari hii aliketi. Fred, aliyemleta, alimwinamia sikioni. "Umeona? Wamekubali."

"Wamekubali kitu ambacho sikukisema, kwa sababu isiyokihusu."

"Lakini si ni kweli?"

"Kwa bahati," alisema Nasteho.

Neno la kitaalamu likawa limepatikana. Bwana Obwocha, ambaye sasa aliogopa kila dakika iliyopita bila uamuzi, aliagiza kamba iletwe. Alitaka mpaka wa Orpah uwekwe mara moja, kwa njia ile ile iliyoweka mipaka yote mingine, watu wasipate nafasi ya kufikiri. Mzee Onyancha alivaa kofia yake akatembea mbele kuonyesha njia, hatua fupi, bila kusita. Mzee Mogire alimfuata. Wazee wengine walijipanga nyuma kama mashahidi, kila mmoja akipaza sauti kwamba kazi ya wazee wa zamani haina dosari.

Upande wa juu wa kamba ulihitaji mtu wa kuushika. Bwana Obwocha alimnyooshea kidole Machogu, kwa kuwa alikuwa karibu na kwa kuwa alistahili. Machogu aliiweka picha ya babake kwenye majani, akaishika kamba.

Mvua ilianza kunyesha, nyembamba. Orpah alikuwa ameushika upande wa chini, kando ya barabara, miguu imezama kwenye udongo kati ya mistari ya chai. Alitazama juu kando ya kamba mpaka mwisho wake.

"Vuta, Machogu," aliita. "Umeilegeza upande wangu."

Machogu akavuta.